Kuagwa kwa Mama Alnoor

Kamati ya kuufufua mtaa wa maduka ya zamani, Tanga mjini, ilianza kwa kupaka rangi kingo za barabara. Ikapanda maua ndani ya matairi, kisha ikafunga taa za rangi. Mbuzi walikuja. Watu walibaki huko huko Makorora, ambako siku hizi maduka yamewafuata hadi mlangoni.

Ummehani, mjane wa Abdulhussein, aliyatazama hayo yote kutoka kwenye duka lake la vitambaa. Mwanawe Alnoor alikuwa akimsihi ahamie kwake Dar es Salaam, ghorofa ya saba, naye hakutaka. Aliogopa kuzeekea mahali ambapo hakuna anayejua jina lake. Lakini duka lisilo na mteja ni kabati tu. Mwishowe akakubali, akamwambia mwenyekiti wa kamati, Mwinyijuma, na kumwambia Mwinyijuma ni sawa na kupiga mbiu.

Ijumaa baada ya swala wakaja kumuaga. Walitoka Makorora, Tongoni, hata Kigombe, na samaki wao wa kukaanga. Kila mmoja alinunua kitambaa cha ukumbusho, na kila mmoja, kama ilivyo ada mtu anapohama, aliomba radhi. Wala hawakuomba kwa jumla, walitaja. Mzee Suleimani alitaja vifungo alivyoviiba enzi za utoto. Tausi, fundi cherehani, alitaja zito zaidi.

"Mama, nilikuwa nawaambia watu vitambaa vyako vinachuja."

"Nimekusamehe, mwanangu."

Jioni ile rafu zilikuwa nusu tupu, na Ummehani alikuwa na furaha ambayo hakuipata tangu afiwe. Akampigia Alnoor simu.

"Siji," akasema.

Wiki iliyofuata hakuja mtu. Iliyofuata hiyo pia. Suleimani alipofika karibu na duka alivuka barabara. Tausi alimwona kwa mbali akageuka ghafla, kama aliyeacha chungu jikoni. Walikuwa wamemfunulia aibu zao mtu anayeondoka, naye amekaa pale pale, mlango wazi, anazijua zote.

Mwinyijuma alikuja na ushauri wa kamati.

"Nenda hata Muheza, ulale siku mbili, halafu urudi. Tutakupokea kama mgeni."

"Mwinyijuma, mimi nimezaliwa juu ya duka hili."

"Hilo ndilo tatizo," akasema Mwinyijuma.

Ummehani alifunga duka, akaenda Makorora. Alimkuta Tausi kibarazani kwake, mguu kwenye cherehani. Tausi aliinamisha macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kutaka radhi na mimi."

"Radhi ya nini tena?"

"Wateja walioniuliza fundi, nilikuwa nawaambia wasije kwako. Nikiwapeleka kwa Mwatumu."

Cherehani ikanyamaza.

"Mwatumu? Mwatumu hajui kupinda hata pindo la shuka."

"Ndiyo maana nakuomba radhi."

Tausi alimpa radhi, lakini midomo ameibetua. Ummehani alirudi mjini roho imetulia. Alikuwa amesema uongo mtupu. Kwa miaka yote ile hakuwa na mteja wa kumpeleka kwa Mwatumu wala kwa fundi mwingine yeyote.

Jumamosi asubuhi Tausi aliingia dukani kichwa juu. Alishika kitambaa, akakivuta, akakinusa, akauliza bei, akasema bei hiyo awauzie watalii. Ummehani hakumpunguzia hata senti. Walibishana hadi wapita njia wakasimama, na Ummehani alikuwa karibu kulia kwa raha.

Tausi alipoondoka na mzigo wake, Suleimani alikuwa mlangoni, na nyuma yake wengine kadhaa wa siku ile ya kuagana. Habari ilikuwa imezunguka Makorora nzima. Nje, Mwinyijuma alimweleza mwenzake wa kamati kuwa yale maua hatimaye yamefanya kazi.

"Nasikia una mambo ya kuomba radhi," akasema Suleimani. "Mimi ulinisema nini?"

Ummehani, ambaye hakuwahi kumteta mtu maishani mwake, alimvutia kiti, akamkunjulia kitambaa cha kanzu, akaanza kutafuta cha kumwambia.