Ukurasa wa Pili Huko Mafumbwe

Nchi ya Mafumbwe ilisifika kwa vilima vyake vilivyovaa kijani mwaka mzima, na zaidi kwa mazishi yake, kwa kuwa huko maiti hakuteremshwa kaburini mpaka wimbo wa ukoo wake uimbwe hadi noti ya mwisho, na jamaa waliolibeba jeneza hawakuruhusiwa kulitua kabla ya hapo. Juu ya vilima hivyo walikaa Warithi, watu wa vitambi na vyeo, ambao hawakuwahi kutunga hata wimbo wa kubembelezea mtoto, wala noti hawakujua kuzisoma, lakini nyimbo zote zilikuwa mali yao. Mkubwa wao, Mtukufu Kibindo, alikusanya karatasi zote za muziki wa wahenga akazifungia katika Jumba la Vioo, ambalo kufuli lake lilifunguka kwa kidole gumba chake tu. Alisema anazitunza zisiliwe na mchwa. Ni kweli, mchwa hawakuzila. Wala hakuna aliyezisoma.

Ili asionekane mchoyo, Kibindo aligawa vioo nyumba kwa nyumba. Ukikigusa kioo, wimbo wa wazee wako ulijitokeza, ukurasa wa kwanza, noti zinang'aa. Ukitaka wa pili, ukungu ulitanda, na juu yake pakaandikwa kwa adabu ya kuudhi kwamba samahani, kutoka hapo uliposimama huruhusiwi kuona. Watu wa Mafumbwe, kwa ujinga wao mwema, walidhani kosa ni la mahali. Wakabeba vioo vyao, wakapanda vichuguu, wakaingia mashimoni, wengine wakasimama kwa mguu mmoja, na ukungu ukawa ule ule. Warithi waliwatazama kutoka roshani zao, wakacheka mpaka wakapaliwa.

Kidawa, kiongozi wa waimbaji wa mazishi, hakuwa na la kuchekesha. Baba yake alikuwa amefariki, na wimbo wa ukoo wao ulitungwa na babu wa babu yake. Alikwenda mwenyewe hadi Jumba la Vioo, akapokewa na Karani Mkuu, mtu mpole kama paka aliyeshiba. Karani alimweleza kwamba wimbo hufunguliwa mtunzi akishakufa zamani za kutosha. Na huyu wa kwao, kwa kuwa hakuna ajuaye alikufa lini, haiwezekani kuthibitisha kwamba amekufa.

"Angekuwa hai leo, bwana, angekuwa na umri gani?" Kidawa aliuliza.

"Hilo si la idara yangu, mama."

Basi kaka zake walisimama na jeneza mabegani, waimbaji wakarudia ukurasa wa kwanza, wakarudia tena, mpaka kaka hao wakalemewa na mzee akateremshwa wimbo wake ukiwa nusu. Tangu siku hiyo Kidawa aliona haya kupita karibu na kaburi la baba yake. Aliwachukia Warithi, na hakujificha.

Kisha Kibindo naye akafa. Kifo hakikumwomba ruhusa. Wanawe walilibeba jeneza lake, zito kwa nakshi za shaba, na waimbaji wa Kidawa wakaitwa. Waliimba ukurasa wa kwanza wa wimbo wa ukoo wa Kibindo vizuri mno, hata waliomchukia wakafuta machozi. Halafu wakakomea hapo, kwa kuwa ukurasa wa pili nao ulikuwa umefungiwa katika Jumba la Vioo.

Jua lilikuwa la utosi. Mwana mkubwa wa marehemu, shati limemganda mgongoni, alisubiri, akasubiri, kisha akanong'ona kwamba waendelee, kwamba yeye ndiye mwenye mali sasa na ruhusa ameitoa, tena atamfungulia Kidawa wimbo wa baba yake siku hiyo hiyo.

"Utaufungua kwa kidole cha nani, bwana mdogo?" Kidawa akasema. "Kidole chenyewe mmekibeba hapo juu."

Mwana wa Kibindo alitazama juu, kisha akalitazama kaburi. Nyuma yake mdogo wake alikwishaanza kuyumba. Waimbaji walimkodolea macho Kidawa, wakingoja mkono wake uinuke, kwa maana alikuwa amezika wengi, wa kina Kibindo wakiwamo, na huenda aliukumbuka wimbo ule mzima tangu enzi za kabla ya kufuli, ingawa wa kwao hakuwahi kuuimba. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo. Mkono ulibaki pale pale ulipokuwa, na jeneza likaanza kuinama upande mmoja.