Jibu la Swali la Saba

Walisema Boma inagawa mabati kwa watu wanaoimba.

Uvumi huo niliusikia dukani kwa Badrudin, pale Usa River, binti yangu Ruth akiwa mgongoni kwangu na kikohozi chake kinanigonga uti wa mgongo kama mtu anayebisha hodi. Mama mmoja wa Akeri ndiye aliyeuleta. Alisema kuna fungu la serikali kwa vijiji vya mbali. Mkiwa na kikundi cha ngoma au kwaya au ususi, mkaandika maombi vizuri, mnapewa vifaa vya kujengea jumba la jumuiya. Penina, rafiki yangu, alicheka mpaka akaweka chini chumvi yake.

"Kama ni kuimba tu, kwa anavyoimba mume wangu akishapata pombe ya mbege tungekuwa na ghorofa."

"Ghorofa hapana, mama Mika," Badrudin akasema, macho kwenye mizani. "Lakini bati kweli. Watu wa Ngaramtoni wamepata. Misumari wamekuja kununua kwa kaka yangu mjini."

Penina alisahau habari ile kabla hatujafika darajani. Mimi sikuweza. Ilinifuata shambani, ikanifuata mtoni, ikakaa nami jikoni nikimenya ndizi. Nesi wa misheni alikuwa ameshatuambia kwamba atakuja kila Jumatano kupima watoto na kuwapa dawa, mradi tumpe mahali penye paa. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya mto, na masika mto ule hauvukiki. Ruth alikuwa na miaka mitatu. Kila mvua ilipoanza kushuka kutoka Meru kifua chake kilibana, nami nilikaa nikihesabu pumzi zake huku naogopa kufika mwisho wa hesabu.

Kikundi tulikuwa nacho. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, tukiimba nyimbo za kanisani kwenye uwanja wa Penina. Aliyejua kuandika nilikuwa peke yangu, kwa darasa la nne nililolipata shule ya misheni.

"Darasa la nne limeanza kukuwasha," mume wangu Philemoni alinitania aliponiona nanoa penseli kwa kisu cha ndizi.

"Likiniwasha nitajikuna, baba Ruth. Wewe nipe nauli ya lori."

Alinipa.

*

Pale Boma, kwenye ofisi za serikali Arusha mjini, karani aliyepokea maombi aliitwa Ephraimu. Alikuwa kijana nadhifu, suruali imepigwa pasi hadi mstari unakata. Alinipa fomu yenye maswali tisa, akanisogezea benchi, akaniita mama ingawa tulilingana umri. Sina la kumlaumu. Nilijaza mpaka swali la saba, nikakwama. Lilisema: *Ni kitu gani cha asili kitapotea ikiwa msaada hautatolewa?*

Niliandika: kwaya yetu. Ephraimu akasoma juu ya bega langu, akatikisa kichwa.

"Mama, Wazungu wa fungu hili kwaya wanazo kwao, tena kubwa. Hawatapanda gari kuja kusikiliza kwaya. Hakuna kitu cha wazee huko kwenu? Kitu anachokijua mtu mmoja tu, akifa kimekwisha?"

"Kipo," nikasema.

Sikufikiri. Kinywa kilitangulia.

Mama mkwe wangu, Namelok, alizaliwa upande wa Waarusha, akaolewa huku kwa Wameru. Alikuja na wimbo mmoja alioachiwa na mama yake. Uliimbwa mtoto alipokufa, basi. Wanawake walikwenda migombani nyuma ya nyumba, mama wa marehemu akakaa chini, na Namelok akaimba akilitia jina la mtoto ndani ya wimbo. Likitoka pale halitajwi tena. Si nyumbani, si sokoni, si kwa sala. Walisema jina limefungwa, na mama anaweza kuinuka akachote maji. Mimi nilikuwa nimeusikia mara moja tu, kwa mtoto wa jirani. Nakumbuka yule mama aliinuka kweli.

Nikafuta neno kwaya, nikaandika: *Wimbo wa Mama Namelok.* Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Kumwuliza mwenyewe? Nilijiambia nitamwuliza wakijibu. Pengine hawatajibu.

*

Walijibu. Bibi wa Maendeleo, Mzungu, atafika Alhamisi na mashine ya kunasa sauti.

Nilimkuta Namelok anachambua maharage mlangoni pake. Nilimwamkia Yeyo, yaani mama kwa lugha ya kwao, nikakaa, nikaanza kuchambua naye. Nilipitisha maneno mengi ya mvua na ya ng'ombe kabla ya kufika. Aliniacha nimalize.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, Yeyo."

"Basi hakuna wimbo."

Nikamweleza habari ya mabati. Nikamweleza nesi. Hakuinua macho. Ndipo nikafanya kitu ambacho hata leo nikikikumbuka mikono inatafuta mahali pa kujificha. Nilikwenda nyumbani, nikamchukua Ruth usingizini, kifua kikiwa kinalia filimbi, nikaja kumweka mapajani pa bibi yake. Nikarudi kwenye maharage.

Namelok alimsikiliza mtoto kwa muda mrefu.

"Nitakuja kukaa," akasema hatimaye. "Zaidi ya hapo sikuahidi."

*

Alhamisi watu walijaa uwanja wa Penina kama siku ya harusi. Penina mwenyewe, mimba yake ikiwa ya miezi sita, alifagia mara mbili na kuwafukuza kuku mara nne. Bibi wa Maendeleo alikuwa mtu mpole, alijua kusema "Hamjambo" na "Asanteni sana," na alivua kofia mbele ya Namelok. Ephraimu alikuja naye kutafsiri. Mashine ilikuwa sanduku lenye magurudumu mawili madogo juu yake, yanazunguka polepole.

Namelok alikuja na shanga zake zote. Alikaa kwenye kigoda. Magurudumu yakaanza kuzunguka, akayatazama kidogo, kisha akafumba macho na kuanza.

Sauti ilianza chini, kama mtu anayesukuma kitu kizito ardhini. Ikapanda. Watu wakaacha kunong'ona. Halafu ikasimama katikati, mguu mmoja hewani. Tulingoja. Bibi wa Maendeleo akamtazama Ephraimu, Ephraimu akanitazama mimi.

Namelok akafumbua macho.

"Jina," akaniambia. "Hauendi bila jina."

"Weka lolote, Yeyo."

"Hakuna jina linaloitwa lolote."

Magurudumu yalikuwa yanazunguka. Ephraimu alinifanyia ishara kwa mkono, haraka, haraka. Mgongoni kwa dada wa Penina, Ruth alikohoa. Mimi, katika woga wangu, nikamtafuta mtoto ambaye tayari hakuwapo, mtoto ambaye jina lake haliwezi kumdhuru aliye hai. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote:

"Nasieku."

Nasieku alikuwa binti wa Namelok. Alikufa akiwa na umri wa Ruth, miaka mingi kabla sijaolewa. Jina lake lilikuwa limefungwa. Mimi nililijua kwa sababu Philemoni, siku Ruth alipozaliwa, aliangalia paji la uso la mtoto akaninong'oneza jina la dada yake, kisha akaniomba nisahau.

Namelok alinitazama. Halafu akamtafuta mwanawe katikati ya watu, akamwona. Philemoni akainamisha kichwa. Mahali pale hakuna aliyejongea, hata kuku.

Akaimba. Hakukosea hata mahali pamoja. Jina lilipita kinywani mwake mara ya kwanza kwa shida, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Mara ya pili likapita. Mara ya tatu sauti yake haikuwa ya mwanamke mzee tena, ilikuwa ya msichana aliyeinama juu ya shimo dogo. Wanawake wenye umri mkubwa walianza kujifunika nguo usoni. Sisi wengine tulikuwa tunaangalia mashine.

Alipomaliza, Bibi wa Maendeleo akapiga makofi, macho yamemlengalenga. Ephraimu akapiga. Kisha uwanja mzima ukapiga, na mimi nikapiga.

Nilikwenda kumwinua. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Wanafurahia nini?" akaniuliza.

"Sauti yako, Yeyo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia ya mji ambao hatakwenda.

*

Mabati yalikuja kabla ya mwezi kwisha. Wanaume walijenga, sisi tulibeba mawe na kukandika. Nesi alitimiza neno lake. Jumatano ya kwanza alisikiliza kifua cha Ruth, akatoa dawa na kunifundisha jinsi ya kumlaza. Jumatano ya sita au ya saba Ruth alimkimbiza mbuzi mpaka kwenye mfereji, na mimi nikasimama mlangoni nikilia kwa furaha. Sijawahi kuomba radhi kwa furaha ile. Siwezi. Hapo ndipo penye shida yangu. Wangenirudisha leo kwenye benchi lile la Boma, sijui kwa hakika ningeandika nini.

Penina alijifungua mtoto wa kiume, akamwita Thomasi. Masika yaliyofuata, mtoto akiwa na miezi mitano, alishikwa na homa siku ya Ijumaa. Jumapili mchana alikuwa ameondoka. Siku ya nesi ilikuwa Jumatano.

Baada ya maziko, wanawake tulikwenda migombani. Penina alikaa chini, matiti yamejaa, nguo imelowa mbele. Namelok alikuja akiegemea fimbo, akakaa mbele yake. Tukangoja. Matone yalikuwa yanadondoka kutoka jani hadi jani.

"Bibi," Penina akasema, "mwanangu hajafungwa."

"Najua, mwanangu."

"Basi mwimbie."

Namelok alimshika mikono yote miwili.

"Nasieku nilimfunga zamani, nikiwa na nguvu," akasema. "Akafunguliwa Alhamisi moja, watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo ananiita kila mahali. Nikifungua kinywa kwa wimbo ule anatoka yeye. Thomasi hana pa kupita."

Hakuniangalia. Wala hakunitaja, si siku ile, si baadaye. Aliendelea kumpikia Ruth loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, kila alipogandisha maziwa. Aliyeniangalia alikuwa Penina, mara moja, kisha akainua macho juu ya migomba, kwenye bati jipya la jumba linalong'aa kwa mvua.

Nilirudi Boma kwa miguu, barabara ilikuwa tope tupu. Nilitaka mashine iletwe, wimbo urudishwe hata kwa siku moja, Penina ausikie. Nilikuwa nimeiandika barua yangu tayari. Ephraimu aliisoma yote.

"Ulipelekwa Dar es Salaam, mama. Kutoka hapo labda Ulaya." Akaikunja barua, akanirudishia kwa adabu. "Lakini si mabati mlipata?"

"Tulipata."

Penina hakuvunja urafiki. Alikuja jumbani, aliimba, alicheka, aliendelea kuwatania wanaume. Ila jina la Thomasi lilimtoka ovyo. Unakuta tunazungumza bei ya kahawa, naye akasema, "Thomasi," kisha akanyamaza, akaangalia huku na huku kama mtu aliyeshika kitu na haoni pa kukiweka. Anafanya hivyo hadi leo, na nywele zote zimekuwa nyeupe.

Namelok alikwenda na wimbo wake. Mazishi yake tuliyafanya kwa nyimbo za kitabuni, na ndani ya jumba, kwa sababu ilinyesha. Bati lilipiga kelele hata mchungaji hakusikika.

*

Ruth sasa ni mwalimu karibu na Makumira. Kifua chake ni kizima. Juma lililopita alinijia na fomu, wanatafuta msaada kwa kikundi cha sanaa cha kijiji. Maswali yamekuwa kumi na manne, lakini lile lililonikwamisha bado lipo, limebadilishwa nguo tu. Akaniuliza, kalamu mkononi, "Mama, si bibi alikuwa na wimbo? Nasikia wimbo wake ndio ulioezeka jumba."

Nilimwambia aniachie ile fomu hadi kesho. Nyuma yake nimeandika haya, kwa mwandiko ambao sasa unatetemeka:

Usiandike jina la mtu kabla hujamwuliza mwenyewe.

Usimwulize wakati majibu yameshakuja.

Usimsikilize anayekueleza wageni wanapenda nini, hata akiwa mtu mwema.

Usiombe msaada kwa kitu cha msibani. Omba kwa kwaya, omba kwa mikeka. Wakikunyima, rudi nyumbani.

Usimweke mtoto mgonjwa mapajani mwa mtu unayetaka akubali.

Ulichonong'onezwa na mumeo usikitoe mbele ya mama yake.

Usipige makofi kwa sababu wengine wanapiga.

Usimpe mtu jina la kuimba.

Na ukikaa na Penina akamtaja Thomasi katikati ya maneno mengine, usimkatize.