Wageni wa Breki ya Upepo

Nthenya alikuwa amepiga magoti akichimbua mihogo, Dama jirani yake alipomjia kwa nyuma na kumwuliza Jumamosi angepika sufuria ngapi.

"Sufuria za nini?"

"Za wageni, Mama Wayua. Si mmetangazwa redioni? Nilikuwa nachambua mchicha nikasikia jina la mumeo, nikaongeza sauti. Wapenzi wa salamu wa Kwale nzima wanakaribishwa Jumamosi nyumbani kwa Breki ya Upepo, Kombani, nyuma ya kinu cha unga. Pilau ya mbuzi itakuwapo."

Nthenya aliuweka muhogo chini. Mbuzi hawakuwa naye. Walikuwa na kuku saba, na hiyo ilikuwa Alhamisi.

Breki ya Upepo ni Muema, mumewe kwa miaka kumi na mmoja, dereva wa trela kati ya bandari ya Mombasa na Kampala. Madereva wenzake walikuwa na ya kwao ya kujipumzisha. Wengine walicheza drafti kwa vifuniko vya soda, wengine walikunywa bia, na wengine walifanya mambo ambayo wake zao waliyasikia baadaye. Muema alikuwa na kadi za salamu. Foleni ya mpakani Malaba ikikawia siku tatu, yeye huketi ndani ya gari na kalamu, akiandika majina ya watu hamsini asiowajua, kisha jina lake la redioni, kisha ujumbe: mpanda ngazi hushuka, au, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kadi hutiwa posta, na wiki mbili baadaye mtangazaji huzisoma saa nane mchana kwa sauti ya asali. Wale waliotajwa nao huandika za kwao na kumtaja yeye. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda mwaka wa sita sasa.

Kwamba alifanya hayo njiani, Nthenya hakuwa na neno. Neno lilikuwa la nyumbani. Muema alipata siku mbili za kukaa nyumbani kila baada ya siku kumi na mbili au kumi na nne, na siku hizo mbili mlango wa choo ulining'inia kwa bawaba moja, huku mwenyewe ameinama mezani akiuliza, "Mama Wayua, yule wa Msambweni ni Bahari Shwari au Bahari Tulivu?" Nthenya angejuaje?

Ijumaa nzima alichota maji. Bomba la kituo cha maji lilikuwa kavu tangu Jumanne, kwa hiyo alikwenda kisimani, akarudi, akajaza pipa, huku akijisemea maneno ambayo angemwambia Muema akifika usiku. Aliyapanga vizuri. Muema hakufika.

Jumamosi saa tatu asubuhi, mzee mfupi aliyevaa koti la suti alisimama uani. Alikuwa na daftari kwapani, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake.

"Hodi hapa."

"Karibu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mwero, Sauti ya Kinango, mwenyekiti wa wapenzi wa salamu. Hapa ndipo kwa Breki ya Upepo?"

"Ndipo. Lakini mwenyewe hayuko."

"Basi tutamngoja," Mzee Mwero akasema, akakaa kwenye kiti kimoja kilichokuwa na mgongo.

Kufikia saa tano walikuwa ishirini na watatu. Walitoka Kinango, Msambweni, Diani na Lunga Lunga, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Muema kwa macho. Wao kwa wao pia wengi hawakuwa wameonana. Kila aliyeingia alijitaja kwa jina la redioni, na wengine wakainuka kwa vifijo na kumshika mikono, kama ndugu wa tumbo moja waliopotezana. Walileta sukari, sabuni na leso mbili, wala Nthenya hakuweza kusema kuwa walikosa adabu. Lakini walinawa. Walinawa mikono, wakanawa miguu kwa ajili ya vumbi, wakaomba maji ya kunywa, kisha chai, na yeye akaliona pipa likishuka. Dama alikuja kumsaidia, lakini baada ya kumenya vitunguu vinne naye akaketi na wageni akawa anawasikiliza.

Wa mwisho kufika alikuwa mwanamke wa makamo aliyebeba kikapu. Alijitambulisha kuwa ni Rispah, mwenye hoteli ya chai Mackinnon Road. Hakwenda kukaa na wenzake. Alimfuata Nthenya jikoni moja kwa moja.

"Dada, mumeo yuko kwangu. Gari limekata shafti tangu jana mchana. Fundi amekwenda Mombasa kutafuta nyingine."

Nthenya aliacha kukoroga. "Kwako wapi?"

"Mbele ya hoteli, chini ya gari. Nisikilize, hujasikia bado. Yule mtu anakunywa chai kwangu mwaka wa tatu huu. Namjua ni Muema, hanywi pombe, anapenda tangawizi nyingi. Na huyu Breki ya Upepo namsalimu redioni kila mwezi. Wallahi sikujua kuwa ni mtu mmoja. Leo alfajiri nikamwambia, Muema, leo sipiki, naenda ziara Kombani kwa mpenzi wa salamu. Akatoka chini ya gari, uso mzima grisi. Akaniuliza, wewe ndiwe Birika la Nyika? Nikamwambia ndiye mimi. Akakaa chini barabarani akacheka mpaka akalia."

"Alicheka," Nthenya akasema.

"Alicheka sana. Akasema umsamehe. Na ametuma hii."

Rispah alitoa kikapuni pakiti ya bizari ya pilau.

Nthenya aliishika pakiti ile, akaigeuza, akaisoma nyuma na mbele. Kisha akaiweka juu ya kabati na kurudi kwenye sufuria, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumrushia.

Chakula kilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe kama walivyokula kwao Ukambani kabla ya kuhamia huku, pamoja na kuku watatu. Wageni wa pwani walikitazama kwa heshima. Bwana mmoja wa Msambweni, kwa upole kabisa, aliuliza kama pilau ingefuata.

Nthenya aliingia ndani akatoka na pakiti. "Pilau ni hii. Mchele na mbuzi viko na mwenyewe, Mackinnon Road."

Wakacheka wote, wakampigia makofi. Yeye hakuwa amefanya mzaha. Mzee Mwero akafungua daftari na kusema kuwa mke wa Breki ya Upepo naye lazima apewe jina, na kwamba yeye binafsi anapendekeza Mama Subira.

"Subira iliisha jana kisimani, mzee."

Wakacheka tena. Jina likaandikwa.

Walipokuwa wakiagana, Mzee Mwero alibaki nyuma akifunga kamba ya kiatu. "Mwanangu, naona tumekuchosha," akasema bila kuinua kichwa. "Mimi mke wangu alitangulia mbele ya haki miaka minne iliyopita. Watoto wako mbali. Kuna wiki nzima hupita jina langu halitajwi na mtu yeyote, ila mumeo. Nilitaka kuona anakaa wapi."

Nthenya alijikuta anamhurumia, na hilo nalo lilimuudhi, kwa kuwa bado hakuwa amemaliza kukasirika. Alimfungia mzee mihogo minne kwenye gazeti, akamsindikiza hadi barabarani.

Muema aliingia Jumapili saa saba mchana kwa miguu, nguo zimeganda grisi. Kabla hata ya kukaa akauliza, "Walikuja?"

Nthenya aliyaacha maneno yote aliyoyapanga Ijumaa. Alimwonyesha pipa. Lilikuwa tupu. Kisha akamwonyesha madumu manane.

"Kila madumu mawili, nitakwambia mgeni mmoja."

Muema hakubisha. Alikwenda kisimani, akarudi akitweta, akamimina, akasimama kama mtu anayengoja mshahara.

"Mzee Mwero alifika wa kwanza," Nthenya akasema. "Alivaa koti."

"Ni mrefu, sivyo?"

"Mfupi. Ananifikia hapa."

Muema aliguswa kana kwamba amepewa habari ya msiba. Miaka sita yote mzee yule kichwani mwake alikuwa mrefu. Akachukua madumu akarudi njiani. Safari ya pili akaambiwa habari za bwana wa Msambweni na pilau, na akapata haya, akaangalia chini. Safari ya tatu, akiwa bado anamimina, akasema polepole, "Sasa Mama Wayua, usikasirike. Nilikwisha andika kadi nyingine kabla ya shafti kukatika. Niliwaambia mwezi wa nane waje tena."

Nthenya alikaa juu ya dumu.

"Mwezi wa nane utapika mwenyewe."

"Sawa."

"Muema, sitanii."

"Nami sitanii. Napika kila siku njiani. Stovu ninayo garini. Wali wangu, wenzangu wa Malaba huupangia foleni."

Alimtazama. Miaka kumi na mmoja mtu huyu hakuwahi kuchemsha hata maji ya chai katika nyumba hii.

"Unajua kupika wali?"

"Na samaki wa kukaanga. Na chapati, lakini si za duara sana."

"Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

Muema alifikiri kwa uaminifu. "Hukuuliza."

Nthenya aliinuka, akafungua kabati, akamwekea mezani mchele kidogo wa akiba na ile pakiti, akamkamatia kuku wa nne, kisha akatoka kwenda kukaa barazani kwa Dama. Aliporudi jioni, watoto walikuwa wamekaa mkekani wakilamba vidole. Akapakuliwa sahani. Akaonja.

Ilikuwa pilau nzuri, yenye chumvi sawasawa, nzuri kuliko yake. Aliila yote, na kila tonge lilimzidishia hasira.