Anwani ya Chaki

Ijumaa asubuhi fundi cherehani aliingia posta kwa mara ya tatu, utepe wa kupimia ungali shingoni, hasira zimemfika kooni. Gauni la harusi la binti yake, alilolishona kwa mkono wake, alilituma Jumatatu kwa huduma ya haraka, lifike kesho yake. Harusi ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, na binti alikuwa hajaona hata uzi.

"Kifurushi chako kipo njiani, mzee," alisema karani wa dirishani, bila kuinua macho.

"Njia gani hiyo? Kinakwenda kwa miguu?"

Foleni ilicheka, fundi akanogewa. Akatoa hotuba nzima kuhusu watu wanaoahidi siku wasiyoijua, kisha wanawazungusha wenzao njoo leo njoo kesho. Mama mmoja nyuma yake akakohoa. Sketi yake ilikuwa kwa fundi huyu tangu mvua zilizopita, na kila akiifuata huambiwa vimebaki vifungo tu. Fundi alimtambua, akapunguza sauti.

"Nipe stakabadhi," karani akasema.

Siku mbili za kwanza fundi alikuja na mdomo tu, stakabadhi kaiacha kwenye droo ya mikasi. Leo alikuwa nayo. Karani akasoma namba, akaingia stoo, akarudi na kifurushi cheusi.

"Kimekaa humu tangu Jumatatu. Hakina anwani."

"Niliandika mwenyewe, herufi kubwa kubwa."

"Kwa kalamu gani?"

Fundi akanywea. Karatasi ya kufungia aliidharau, akakishonea kifurushi ganda la kitambaa cheusi. Na kwa kuwa wino haukuonekana, akaandika jina, mtaa na namba ya simu kwa chaki yake ya kukatia nguo. Chaki ile kazi yake ni kufutika ukiipapasa, na hilo alilijua miaka ishirini na mitano.

Alikichukua, akatoka nje akampigia binti, ameshapanga kuitupia posta lawama zote. Aibu ikamzidi, akasema kweli.

"Usijali, baba. Niliazima jingine mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita? Mimi nimetuma Jumatatu hii."

"Sikuwa na wasiwasi na posta, baba."

Neno lilimchoma. Na hili ndilo gauni pekee, katika ufundi wake wote, alilolimaliza kabla ya siku yake.

"Nikilileta mwenyewe?"

"Ukifika kabla sijavaa, nitavaa lako."

Fundi hakurudi hata kufunga duka. Alikwenda moja kwa moja stendi, akapanda basi la kwanza, akakipakata kifurushi saa saba nzima, akikataa katakata kukiweka juu na mizigo ya wengine. Njiani alipanga maneno ya kuombea radhi, akayapangua, akayapanga tena.

Jioni binti alifungua mlango. Kifurushi hakukitazama. Alimtazama baba yake, machozi yakamlengalenga.

"Umewahi," akasema.

Neno hilo fundi hakuwahi kuambiwa na mtu.