Namba ya Naima

Saa kumi na mbili asubuhi Sikudhani alikuwa amechuchumaa nje ya jiko lake, anafukiza keni. Alitia kijinga cha moto ndani, akafunika moshi ukae, akamwaga majivu. Ndivyo mama yake alivyofukiza vibuyu vya maziwa, na mikono yake ilikuwa bado haijapata taarifa kwamba vibuyu vimepigwa marufuku. Kanuni mpya za maziwa, zilezile kwa kanda nzima, zilitaka keni ya alumini inayooshwa kwa sabuni, na namba moja ya mfugaji kwa kila kaya, ya kuuzia kwenye kituo cha kukusanya maziwa.

Kaya ya Halfani, nje kidogo ya Chemba, ilikuwa na wake wawili. Namba ilikwenda kwa Naima, mke mdogo, kwa kuwa ng'ombe chotara wa lita kumi na mbili alifungwa upande wake. Sikudhani alibaki na ng'ombe mmoja wa kienyeji aliyetoa kikombe, na siku akinuna hakutoa hata hicho. Zamani alikuwa na watatu, urithi wa baba yake. Wawili Halfani aliwaswaga mpaka mnadani, akarudi na yule chotara.

"Ni wa nyumbani," alisema, na hakusema nyumba ipi.

Sikudhani alikuwa na wivu, wala hakuuficha. Alimwonea Naima wivu kwa ng'ombe, kwa kitambulisho cha mfugaji alichokivaa shingoni hata akienda kuteka maji, na zaidi kwa jinsi mume wao alivyojifunza ghafla kuamka alfajiri kukata majani. Miaka kumi na tisa ya ndoa, yeye hakuwahi kukatiwa hata mchicha.

Jumanne moja maziwa yakahama. Naima alikuwa amemaliza kukamua na kufunga mfuniko. Maziwa yakapenya chini ya mfuniko, yakateremka ubavuni mwa keni, yakakatiza ua kwa mstari mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Hayakushika vumbi. Kuku aliyekuwa njiani akapisha. Yakapanda keni ya Sikudhani, yakaingia yote, yakatulia.

"Dada, maziwa yangu yamekuja huko," Naima alisema.

"Nimeyaona."

"Niyafuate?"

"Yafuate."

Naima akayachukua. Hajafika mlangoni kwake, yakarudi. Akayachukua tena, yakarudi tena. Halfani alitoka na mswaki mdomoni, akatazama, akasema huenda keni ya Naima inavuja. Jirani yao Mwanne, aliyekuwa akichambua mlenda upande wa pili wa ua wa miiba, alisema maziwa yanamjua mwenyewe. Halfani akaenda kukata majani.

Yalihama Jumatano. Yalihama Alhamisi. Ijumaa Sikudhani alijitwika keni akayapeleka kituoni mwenyewe. Leo wataniandika, alijiambia. Yoramu, afisa wa kituo, alifungua akanusa moshi, akamrudisha. Keni ioshwe kwa sabuni kwanza.

Sikudhani aliiosha mpaka ikang'aa. Jumamosi maziwa yalivuka ua, yakafika kwenye keni, yakasita. Yakajikusanya mlangoni kwake yakangoja, meupe, bila inzi hata mmoja, mpaka alipowasha kijinga akaifukiza. Ndipo yakaingia.

Jumatatu Yoramu alikuja na pikipiki na bahasha ya fomu. Aliangalia maziwa yakivuka ua, akaangalia saa, akaandika muda.

"Haya yanasafiri bila kibali," alisema. "Bi mkubwa, mwenye maziwa haya ni nani?"

"Yaulize yenyewe."

"Fomu haina sehemu ya kuyauliza."

"Basi niulize mimi. Ng'ombe wangu wawili ndio huyu mmoja unayemwona pale. Baba yangu aliniachia mimi. Hakumwachia Halfani, na huyu binti alikuwa hajazaliwa."

Naima alitazama chini. Halfani aligundua kwamba panga lake linahitaji kunolewa.

"Nakuamini, mama yangu," Yoramu alisema, na ilikuwa kweli, alimwamini kabisa. "Lakini kaya ni namba moja, kuanzia Kondoa mpaka Manyoni. Nikikufungulia ya pili wewe, itabidi nimfungulie kila mke."

"Si uwafungulie?"

Yoramu alipekua bahasha. Kisha akatoa fomu nyingine, ya wasafirishaji. Maziwa yangepewa kibali cha kuvuka ua kila asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Moshi ungeandikwa kuwa utaratibu wa kusafisha chombo. Na Sikudhani, kwa kuwa maziwa hayakubali kwenda na mtu mwingine, angekuwa msafirishaji wa maziwa ya Naima. Wino ulikuwepo. Sikudhani akatia dole gumba.

Wivu haukumtoka. Anao mpaka leo, na kila asubuhi huutwika pamoja na keni mpaka kituoni, ambako Yoramu, kwa mujibu wa kanuni, lazima aulize.

"Maziwa ya nani?"

"Ya Naima."

Siku za mwanzo alilisema jina hilo taratibu, akitazama pembeni. Siku hizi hulisema upesi na kwa sauti. Akichelewa kidogo tu, maziwa hutoka kwenye keni na kuanza kumpanda mkononi, na foleni nyuma yake ni ndefu.