Historia Fupi ya Marehemu Mwalimu Emilian

Kijijini kwetu Mwankoko hajawahi kuzikwa mtu mbaya. Najua, kwa sababu mimi ndiye ninayeandika historia fupi ya marehemu, ile inayosomwa kabla ya kaburi kufukiwa. Mlevi namwita mcheshi aliyependa watu. Mwizi wa mbuzi anakuwa mfugaji hodari. Wafiwa wananiletea tarehe, mimi naongeza uongo, na kila mtu anarudi nyumbani ameridhika.

Hadithi zangu mwenyewe nilikuwa nazificha nyuma ya magunia ya alizeti. Baba, Mwalimu Emilian, alizikuta nikiwa na miaka kumi na sita. Alizisahihisha zote kwa wino mwekundu, kisha akanisimamisha mbele ya wageni wake na kuzisoma kwa sauti ya kunibeza. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kwenye ukurasa wa mwisho aliandika: "Huna kitu." Leo nina miaka thelathini na nne, na miaka yote hiyo kila niliposhika kalamu, maneno hayo yalinitangulia kufika kwenye karatasi.

Mwaka huu ini lilimwangusha. Hospitali ilipomrudisha nyumbani, alitoa amri akiwa kitandani: niandike historia yake mapema, aione mwenyewe.

"Sitaki kuzikwa na makosa yako, Evodia," alisema.

Nikaandika ya kwanza, kwamba alikuwa mwalimu mwema na baba mwenye upendo. Akaikata kwa mstari mwekundu. "Hii ni kadi ya harusi. Rudia." Ya pili akaiita hotuba ya diwani. Ya tatu aliitumbukiza kwenye beseni la matapishi, mdogo wangu Festo akiwa amesimama pale. "Miaka yote hii, na bado huna kitu." Festo alicheka. Alicheka kidogo tu, lakini nilimsikia.

Nilitoka kwa hasira. Nilikaa jikoni, karatasi juu ya goti, nikaandika ya nne bila kufuta hata neno moja.

Niliandika sikio la kushoto la mama, lile lisilosikia. Ukoo mzima unajua kwamba mama aliugua sikio akiwa na mimba ya Festo. Mimi nilikuwa mlangoni, nina miaka mitano, na nilimwona baba akimpiga kofi kwa sababu uji ulikuwa na madonge. Niliandika damu ilivyoshuka mpaka kwenye kola ya gauni. Niliandika kwamba baba alimaliza kwanza kikombe chake, uji uleule wenye madonge, ndipo akamwambia mama akanawe.

Nikampelekea. Alisoma mara mbili. Kalamu nyekundu alikuwa nayo mkononi, lakini haikugusa karatasi. Nilisimama pale nikimwomba kimoyomoyo aniambie neno moja zuri. Ndiyo, nilikuwa bado nalitaka, hata kutoka kwake.

"Hapa hakuna pa kusahihisha," alisema. Kisha akaongeza, "Ukiisoma hii, wewe si mwanangu."

Akageukia ukutani. Alikufa Alhamisi.

Makaburini Festo alikuwa na karatasi yake, ile ya mwalimu mwema na baba mwenye upendo. Katekista alipomwita msomaji, nilimtangulia Festo. Sauti ilitoka nyembamba, ikakatika, halafu kwenye sentensi ya pili ikatulia. Watu waliacha kukohoa. Nilipofika kwenye kikombe cha uji, mwanamke mmoja alisema, "Yesu wangu!" na mimi, niseme ukweli, nilifurahi. Hofu ya miaka kumi na minane ilinitoka palepale kando ya jeneza. Kumbe nilikuwa na kitu.

Mama alikuwa amekaa mbele kabisa, amenigeuzia sikio lake zima.

Jioni watu walikula na kuondoka mapema. Nilimpelekea mama chakula chumbani. Hakuipokea sahani.

"Mama, nimesema kwa ajili yako."

"Nilikuomba?"

Nilimsogezea tena sahani.

"Nilimdanganya daktari. Nilimdanganya mama yangu mpaka akafa. Nilisema siku nikimzika huyu, nazika na lile kofi, nibaki mjane wa mwalimu basi, nipumzike." Alijifuta machozi kwa kanga. "Sasa Evodia, kuanzia leo kila atakayenipa shikamoo atakuwa analitazama sikio."

Nilipaswa kupiga magoti. Nilipaswa kumshika hata mkono, maana hakuwa amelia tangu msiba uanze na sasa alikuwa analia. Lakini lile neno lake la mwisho lilikuwa limenikaa kichwani, zuri kuliko lolote nililowahi kuandika mimi, na niliogopa kulisahau. Niliweka sahani chini, nikatoka kwenda kutafuta karatasi.