Bwawa Lililofyekwa kwa Heshima

Mimi ni Hawah, mwalimu wa sayansi wa darasa la tano katika shule moja ya Awindiri, mjini Arua, na hasira zangu zinajulikana mpaka jikoni kwa wapishi. Mihula minne nilimwomba hedimasta wetu, Bwana Andama, aniruhusu niwapeleke watoto wakaone bwawa. Mihula minne akanijibu kwamba bwawa limo kitabuni, ukurasa wa hamsini na tatu, tena limechorwa kwa rangi. Watoto wangu walikariri viumbe vya majini bila hata kumeza mate. Lakini nilipowauliza chura hulala wapi, mmoja alisema kitandani, na wenzake hawakumpinga.

Muhula wa tano akanichoka. Akasema anipe safari moja, na yeye mwenyewe atakuja. Watoto wakirudi na kitu cha maana, kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi ni yangu. Wakirudi mikono mitupu, Alhamisi zote ni za mazoezi ya mtihani, na nisimletee habari za vyura mpaka astaafu. Nikakubali papo hapo. Nilizitaka Alhamisi zile, wallahi, mpaka usingizi ukanihama.

Bwawa nililijua. Liko Koboko, nyuma ya shamba la muhogo la baba yangu mdogo, Sajenti Swadiki, mstaafu wa jeshi. Utotoni nimechota maji pale na kuumwa na ruba pale. Mafunjo yake yalimpita mtu kimo, ndege wa kila namna walining'iniza viota, na kila mwaka korongo taji wawili walikuja kutaga humo. Nikampigia simu. Nikamwambia, baba mdogo, Alhamisi nakuletea wageni, watoto arobaini pamoja na hedimasta, wanataka kuliona bwawa lako vizuri. Akafurahi mno, akasema nisiwe na wasiwasi, yeye anajua kupokea wageni. Nikakata simu roho imetulia. Mjinga mimi.

Kwetu mgeni akija, panafyekwa. Sijui kama desturi hii tuliitoa kwenye kambi za jeshi za mababu zetu au wapi, lakini ndivyo tulivyo. Mkaguzi akija shule, watoto wanafyeka. Shehe akija, njia ya msikiti inafyekwa mpaka barabarani. Kumpokea mgeni kwenye nyasi ndefu ni kumtukana, hata kama umemchinjia mbuzi. Mimi mwenyewe nimeshika fyekeo tangu nina miaka saba, na bado nilimwambia sajenti mzima kwamba wageni wanakuja.

Tulifika saa nne asubuhi. Tukashuka kwenye basi dogo la koasta, tukapita muhogo kwa mstari mmoja, daftari mkononi. Niliwaambia watoto wanyamaze wasije wakawatisha ndege. Wakanyamaza vizuri sana. Ndege hawakuwapo. Mafunjo nayo hayakuwapo. Palikuwa na uwanja mweusi uliofyekwa, ukachomwa, ukafagiliwa, na maji yote yalikuwa yameingizwa kwenye mfereji ulionyooka kama rula. Kando ya mfereji kulikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa na viti vinne vya wakubwa. Baba mdogo alisimama katikati, suruali imepigwa pasi, akampigia hedimasta saluti.

Alikuwa amefyeka siku tatu, peke yake, na mgongo wake ule unaomuuma. Alinieleza mwenyewe, polepole, ili hedimasta asikie.

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Hedimasta alifurahi. Alizunguka uwanja mzima mikono nyuma. Akasema njiani alikuwa akiogopa nyoka na matope, kumbe mahali penyewe ni pa mfano, na shule nyingi zingekuja kujifunza hapa. Akasema Alhamisi ni zangu. Tena akamwomba sajenti aje Arua kutuandalia ukingo wa mto Enyau kwa safari ijayo. Baba mdogo akapanua kifua. Tangu astaafu hakuna mtu aliyemwomba amfanyie kazi.

Kwa hiyo nilikuwa nimepata. Nilichotakiwa ni kufunga mdomo tu, kazi ambayo watu hufanya kila siku bila mafunzo. Nikapita kukagua madaftari. Shamim, msichana ambaye huandika kile anachokiona na si kile unachotaka, alikuwa na kichwa cha habari kimoja: viumbe hai tulivyoviona. Chini yake aliandika: mzee mmoja, hedimasta, mwalimu, sisi.

Nikashindwa. Nikasema mbele ya wote, kwa sauti ambayo naijutia:

"Baba mdogo, hapa hakuna bwawa. Umelifyeka lote."

Hedimasta akatazama uwanja, akanitazama mimi. Ni mtu wa neno lake, hilo siwezi kumnyima. Akasema kama hakuna bwawa, basi hakuna somo, na kama hakuna somo, makubaliano yetu tunayakumbuka sote. Akaenda kumtafuta dereva.

Baba mdogo alibaki akigeuza kichwa huku na huku, kama mtu aliyeamka nyumba ya wenyewe. Akaniuliza habari za wale korongo wawili. Nikamwambia kiota chao kilikuwa ndani ya mafunjo. Akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Mimi nilitaka tu watoto yako isikanyage matope," akasema.

Nilimwomba msamaha, akaitikia kwa kichwa. Watoto walikunywa chai waliyopikiwa, wakashukuru kwa pamoja kama tulivyowafundisha. Tukarudi Arua. Niliona aibu kwa ajili yake na hasira kwa ajili yangu, na nilikuwa nimepoteza vyote viwili, Alhamisi na uso wa mzee wangu.

Tukaanza mazoezi ya mtihani. Alhamisi baada ya Alhamisi, chagua jibu sahihi. Baba mdogo hakupokea simu zangu, na mke wake akasema yuko shambani, kila siku yuko shambani.

Wiki ya tisa baada ya safari ile, nikiwa ubaoni kwenye swali la kumi na saba, hedimasta akaingia na mgeni. Alikuwa baba mdogo, na suruali yake ile, na daftari kwapani. Alikuwa amepanda basi la alfajiri. Hedimasta akaniambia, kama mtu anayejieleza, kwamba mzee ameomba ruhusa ya kutoa ripoti, na kwamba mtu aliyesimama wima namna ile ni vigumu kumkatalia.

Baba mdogo akasimama mbele ya darasa, visigino pamoja, akasoma.

"Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Wiki ya pili, hakuna kitu. Wiki ya tatu, nimefukia mfereji, maji imerudi. Wiki ya tano, mafunjo, urefu ya kidole. Wiki ya saba, mafunjo inafika magoti. Kereng'ende iko nne. Wiki ya nane, siku ya Jumanne, chura moja."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilijifanya natafuta chaki, maana macho yalikuwa yamenijaa machozi.

"Mmoja tu?" hedimasta akauliza.

"Moja, afande. Niliona koo yake inavimba. Ilikuwa inaita wengine."

Shamim akainua mkono. Akataka kujua kama hao wengine walimjibu.

Baba mdogo akafunga daftari.

"Hiyo sijui. Masikio yangu iliharibika na bunduki. Hiyo kazi inataka mutu mwenye masikio mazuri."

Mbele yake walikaa watoto arobaini wenye masikio themanini mazuri. Hedimasta akatazama swali la kumi na saba ubaoni, akalisoma mpaka mwisho. Akamtazama sajenti, ambaye bado alikuwa wima akisubiri amri. Akakohoa.

"Alhamisi," akasema. "Na mtu yeyote asifyeke kitu."